Fajita Bila Kuku

Ndinda aliziona fajita kwa mara ya kwanza kwenye simu, akiwa amekaa nje ya maktaba ambako mtandao ulikuwa wa bure. Mwanamke wa nchi ya mbali, ambaye lugha yake hakuielewa, alikata nyama vipande vyembamba kama vidole vya mtoto, akakata vitunguu na hoho kwa urefu uleule, akavikaanga kwa moto mkali, kisha akavifunga ndani ya kitu kilichofanana na chapati. Kilichomvutia Ndinda hakikuwa urembo wa chakula. Ni udogo wa ile nyama. Kipande ambacho ndani ya mchuzi kingemtosha mtu mmoja, pale kililiwa na jamaa nzima, na hakuna aliyeonekana kupunjwa.

Jioni hiyo alijaribu kupika, na ikawa maji matupu. Fahima, mwenzake wa chumbani, alifungua chapati yake, akachungulia ndani na kuifunga tena taratibu.

"Ndinda, hii ni mchuzi imejificha," alisema.

"Kula tu. Kwani imekuuma?"

"Haijaniuma. Imenilowesha."

Kwa kujaribu na kukosea wakajifunza. Kikaango lazima kipate moto kwanza, na kisijazwe, kwa sababu vitu vikibanana hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Nyama itangulie, itolewe, kisha vitunguu, halafu hoho mwishoni ili ibaki na ugumu kidogo wa kutafunika. Ndimu ni baada ya kuzima moto. Chapati ziwe nyembamba, mafuta kidogo, zifunikwe kwa kitambaa zikiwa bado moto, la sivyo zitapasuka wakati wa kukunjwa. Bizari nyembamba ilitoka dukani kwa mama yake Fahima, kule mjini Mwingi, ambako aliuza viungo na nguo. Vingine vyote vilitoka soko la Kitui, saa ambayo akina mama wanafunga biashara na kuuza mafungu kwa bei ya kutupa.

Tangu siku za mwanzo walikuwa na mgawanyo wao, ambao hawakuwahi kukaa chini kuupanga. Mboga na unga vilikuwa kazi ya Ndinda. Nyama alinunua Fahima, kwa Yakub, muuza nyama aliyekuwa akiswali naye msikiti mmoja. Kikaango kilikuwa kimoja na meko ni moja. Kwa kuwa nyama yote iliyoingia humo ilipitia mikononi mwa Fahima, hakukuwa na la kuulizana.

Kisha maneno yakafika Mwingi. Mtu fulani alimwambia Mwanamisi, mama yake Fahima, kwamba bintiye anaishi na msichana wa kanisani na wanapika chungu kimoja. Mwanamisi hakugomba. Alipiga simu, akasema atakuja Jumamosi kukiona chumba. Akaongeza kwamba kaka yake, Idris, ana chumba cha wageni nyumbani kwake ng'ambo ya mji, na kwamba Fahima asione vibaya ikiwa itabidi ahamie huko.

"Ikiwa itabidi," Fahima alirudia baada ya kukata simu. "Mathe akisema hivyo, tayari yuko nusu njia."

Ndinda alijua kodi ya chumba hangeiweza peke yake, lakini si hilo lililomkaa rohoni. Kwao, kule Mbooni, hakuwahi kula peke yake tangu azaliwe. Muhula wa kwanza chuoni, kabla ya kumpata Fahima, alikuwa akisimama kando ya meko na kula kutoka kwenye sufuria, kwa sababu kupakua kwenye sahani ili ale na nani kulimtia huzuni. Hakutaka kurudi kwenye kula kule.

"Tutampikia," alisema mwishowe. "Fajita. Aone vile tunaishi."

"Na nyama? Pesa ya wiki hii tumeweka kwa gesi."

"Nitaambia mama atume kuku."

Likaisha hapo. Kuku wa Mbooni husafiri wakiwa hai, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, wakilalamika njia nzima. Wangempeleka kwa Yakub amchinje, na mambo yawe sawa. Ndinda alimpigia mama yake, Kavindu, akamweleza kwamba mama wa mwenzake anakuja, mama Mwislamu, na kwamba wangependa kumpokea vizuri. Kavindu aliitikia kwa furaha. Mgeni kwake alikuwa ni kuku, na asiyechinjiwa kuku hakuwa amepokewa, alikuwa amepita tu.

Jumamosi asubuhi Fahima alitoka mapema kwenda stendi. Mama yake alitaka kwanza wamsalimu Mjomba Idris, kwa hiyo wangefika chumbani karibu na saa ya chakula. Ndinda akaenda sokoni kumtafuta Mwau, mfanyabiashara aliyeleta avokado kutoka Mbooni kwa pikapu kila Jumamosi na kubeba mizigo ya watu wa kwao. Alimkuta akipanga matunda juu ya gunia. Akatazama chini ya gari, akatazama nyuma ya makreti.

"Unatafuta nini, mwiitu wakwa?" Mwau alimuuliza, akimwita binti yake kwa Kikamba.

"Kuku wetu."

"Aa, huyo. Amekuwa msafiri mtulivu sana. Kutoka Mbooni mpaka hapa hajanisemesha." Akamkabidhi ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na mfuko wa mbaazi mbichi na avokado kadhaa.

Ndinda alifunua kifuniko palepale. Kuku alikuwa amenyonyolewa, akasafishwa na kupakwa chumvi. Alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba kama mtoto aliyeogeshwa.

Akampigia mama yake akiwa bado amesimama katikati ya watu.

"Umeipata?" Kavindu aliuliza. "Ni ile tetea changa, ile ya madoa. Nilisema usisumbuke na manyoya mbele ya mgeni."

"Mama, ulichinja wewe?"

"Nilichinja mimi. Lakini usiogope, najua mambo ya hao watu. Nimesikia hawawezi kula nyama haijaombewa. Kwa hivyo nikaita Mutiso, mzee wa kanisa, akakuja saa ya alfajiri na Biblia yake. Akaiombea vizuri kabla nishike kisu. Maombi marefu, mpaka kuku ikalala. Mwambie huyo mama ale bila wasiwasi, imeombewa kwa jina la Yesu."

Ndinda alifumba macho. Wanawake wawili waliokuwa wakibishania bei ya sukumawiki walimsukuma kidogo, wakapita.

"Asante, mama," alisema.

"Atakula?"

"Asante sana, mama," alisema tena, na simu ikakatika, au yeye ndiye aliyeikata.

Alirudi chumbani, akaweka ndoo mezani na kuketi kitandani akiitazama. Alijaribu kumpigia Fahima. Simu iliita bila kupokelewa; bila shaka alikuwa mbele ya mjomba wake, na mbele ya Mjomba Idris watu hawachezi na simu. Pesa za kununua nyama nyingine hazikuwepo. Yakub hakuwa mtu wa kumkopa, maana hata jina la Ndinda hakulijua.

Akawasha meko kwanza, achemshe mbaazi, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Zilipokuwa zikichemka alikanda unga, akaufunika upumzike, akakata vitunguu na hoho. Alifanya kila jambo kwa mpangilio wake wa siku zote. Kisha hakikubaki cha kufanya ila kuku.

Alimtoa ndani ya ndoo, akamweka juu ya ubao. Nyama ya kidari ilikuwa nyeupe na laini, na kisu kilikuwa kimenolewa. Alifikiria jambo lile polepole, kama mtu anayepima mto kwa fimbo kabla ya kuvuka. Vipande vyembamba. Bizari, pilipili ya kusaga, ndimu. Ndani ya chapati, nani angejua? Fahima mwenyewe angedhani kuku alifika hai na kupitia kwa Yakub, kama walivyopanga. Mwanamisi angekula chakula cha heshima, angeridhika, angerudi Mwingi. Na Kavindu angepata jibu alilokuwa akilingojea. Watu wote wangefurahi, na uongo ungebebwa na mtu mmoja tu, tena bila kusema neno.

Lakini kikaango kilikuwa kimetundikwa ukutani mbele yake. Tangu wahamie pale, Fahima hakuwahi kumuuliza kama amepika kitu ndani yake wakati yeye hayupo. Mara nyingi alirudi jioni, akakuta chakula, akanawa mikono na kula. Ndinda alijua kwamba akimkata kuku huyu leo, Fahima ataendelea kula vilevile, bila kuuliza, na itambidi yeye akae mbele yake kila jioni akimtazama anavyokula bila kuuliza.

Akamrudisha kuku ndani ya ndoo. Akanawa mikono, akaosha ubao na kisu kwa sabuni na maji ya moto, kisha akaibeba ndoo hadi mlango wa pili, kwa Kasyoka, fundi wa nguo, aliyekuwa akishona sare za shule mlangoni pake.

"Niwekee hii mpaka jioni."

Kasyoka alichungulia. "Kuku? Na wewe una mgeni leo, si ndiyo? Unaficha kuku ya mgeni kwangu?"

"Ni hadithi ndefu."

"Basi nimefurahi. Kuku na hadithi, zote zinakuja kwangu."

Ndinda alirudi kupika. Mbaazi zilikuwa zimeiva lakini hazijapasuka. Alizichuja mpaka zikakauka kabisa, akaachia kikaango kishike moto, akazikaanga kidogo kidogo na bizari hadi maganda yakaanza kubabuka na kutoa harufu ya karanga. Akazitoa. Vitunguu, kisha hoho. Akaponda avokado kwa uma, akatia dania na chumvi. Chapati akazifanya nyembamba kuliko siku zote. Kilikuwa chakula kizuri, aliona hivyo. Lakini kila alipokitazama alisikia sauti za shangazi zake wote wa Mbooni zikimuuliza kama kweli amempa mgeni nzuu, mbaazi za kila siku, mgeni aliyetoka mbali, aliyekuja kumpima.

Walifika jua likiwa utosini. Mwanamisi alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye macho yaliyotembea kabla ya miguu yake. Ndinda alimsalimu kwa shikamoo aliyofundishwa na Fahima, akaitoa kwa haraka kidogo.

"Marahaba, mwanangu," Mwanamisi aliitikia, na kuketi kwenye kiti cha pekee.

Alitazama mkeka wa kuswalia uliokunjwa juu ya kabati. Alitazama kalenda ya kanisa iliyotundikwa juu ya kitanda cha Ndinda. Alitazama meko na kikaango, akavikazia macho kwa muda mrefu kuliko vingine. Kaka yake alikuwa ameshamwonyesha kile chumba cha wageni. Hilo Ndinda alilisoma kwenye uso wa Fahima.

Waliponawa, Ndinda aliwaonyesha namna ya kufunga: mbaazi katikati, hoho na vitunguu juu, avokado kidogo, kisha upande mmoja ukunjwe ndani ili visimwagike. Mwanamisi alifuata hatua kwa hatua. Alisema Bismillahi kimya kimya. Ndinda naye aliinamisha kichwa kidogo upande wake, akaomba sala yake bila sauti.

Fahima ndiye aliyeharibu, na hakukusudia. Alikuwa amejisifu njia nzima.

"Na kuku iko wapi?" aliuliza. "Mama, si nilikuambia mama yake Ndinda ametuma kuku kutoka Mbooni? Wale wa kienyeji kabisa."

Ndinda aliweka chapati yake kwenye sahani. Alikuwa amepanga kumweleza Fahima baadaye, wakiwa wawili. Sasa macho yote mawili ya Mwanamisi yalikuwa juu yake.

"Ilikuja ikiwa imechinjwa," alisema.

Fahima alielewa papo hapo.

"Nani alimchinja?" Mwanamisi aliuliza. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kitambaa kimetoka wapi kabla ya kukinunua.

"Mama yangu. Hakujua, mama. Au alijua kidogo. Alisikia kwamba hamli nyama isiyoombewa, kwa hivyo aliita mzee wa kanisa kuiombea. Alfajiri. Kabla hajaichinja."

Nje, cherehani ya Kasyoka ilikimbia, ikasimama.

"Kuku aliombewa?" Mwanamisi aliuliza.

"Ndiyo. Maombi marefu."

Mwanamisi alishusha macho kwenye sahani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Fahima alimtazama mama yake kwa hofu, mpaka alipoona kwamba anacheka, kicheko cha ndani kisicho na sauti, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Maskini mama wa watu," alisema. "Maskini, kaamka alfajiri." Kisha kicheko kikamtoka polepole kama mtu anayevua kiatu, uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Yuko wapi sasa huyo kuku?"

"Kwa jirani. Hakupikwa humu. Ubao na kisu nimeviosha."

"Ungempika, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Hata Fahima?"

"Hata yeye."

Mwanamisi alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akarudi kwenye chakula chake. Alikula chapati ile mpaka mwisho, akafunga nyingine mwenyewe, safari hii kwa ustadi.

"Kwetu mbaazi huwa za nazi," alisema. "Hizi zimekauka. Lakini zinalika."

Ndinda hakujua aliweke wapi neno lile. Zinalika. Mtu angeweza kulisema hilo kisha akachukua nguo za bintiye na kuondoka naye.

Fahima alikuwa amesimama kwenye beseni akiosha sahani wakati simu ya Ndinda ilipoita. Kipaza sauti cha sikioni kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo alitumia spika ya nje, na kila aliyempigia alisikika chumba kizima.

"Mwiitu wakwa, mgeni amefika?" Kavindu aliuliza. "Nipe nimsalimie. Kwanza niambie, amekula kuku? Haikuwa ngumu?"

Ndinda aliishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema ndiyo. Mwanamisi aligeukia dirishani, kama anayempa mtu nafasi ya kubadili nguo.

"Hajala, mama," Ndinda alisema. "Wao hula kuku iliyochinjwa na Mwislamu mwenzao. Maombi ya Mutiso hayatoshi. Mimi ndiye sikukuambia uitume ikiwa hai. Na asubuhi uliponiuliza, niliogopa."

Upande wa pili ilisikika sauti ya jogoo wa mbali.

"Kwa hivyo nimemnyima mgeni," Kavindu alisema taratibu. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

Mwanamisi alinyosha mkono. Ndinda akampa simu.

"Mama Ndinda, hujambo? Ni mimi mgeni mwenyewe. Hujaninyima kitu. Umefanya kwa njia yenu, na nia yako nimeiona. Wako mashekhe wanaosema chakula chenu ni halali kwetu. Lakini mimi nilivyolelewa, moyo haungekubali, na nisingependa kula kwako huku moyo umekataa."

"Sasa umeshinda njaa?"

"Nimeshiba. Nimekula mbaazi zako."

"Mbaazi?" Sauti ya Kavindu ilipanda. "Ndinda alikupatia nzuu?"

"Alizifunga ndani ya chapati. Anasema ni chakula cha ulaya."

"Ngai wakwa. Mtoto wangu amempatia mgeni nzuu." Kavindu alihema, akajikusanya. "Sikiza, mama. Hiyo haiwezi kuisha hivyo. Mimi bado sijakupokea. Wakifunga shule, huyo mtoto wako aje na Ndinda huku Mbooni. Aje na mtu wao wa kuchinja, hata kama ni babu yake. Kuku ziko."

"Wakifunga shule," Mwanamisi alirudia. Alikitazama kile chumba kwa mara nyingine, mkeka, kalenda, kikaango, vitanda viwili vilivyoachana kwa hatua ya mtu mmoja. "Haya. Watatoka hapa pamoja. Wakifunga, nitamwambia Fahima asije moja kwa moja Mwingi, apitie kwako kwanza. Ndugu yangu Idris nitazungumza naye mimi."

Kwenye beseni, mikono ya Fahima ilisimama ndani ya maji. Ndinda hakuthubutu kumtazama. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akisikiliza wale akina mama wawili, ambao sasa walikuwa wameshaliacha jambo hilo na wanaulizana kama upande wa Mwingi mvua imefika, na kama mahindi ya milimani yameanza kubeba.